Eti "ulikuwa mshika bendera tu"! Yule bwana kamvunjia heshima baba yangu mbele ya watu

Wakuu, nina hasira ambazo visima vyote vya Mzakwe haviwezi kuzizima.

Yule bwana mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye kila shughuli hapa Dodoma, iwe msiba, iwe mahari, lazima anyang'anye maiki. Jana ilikuwa kipaimara cha mtoto wa dada yangu, Kisasa. Watu hawajapakuliwa hata wali, mwenzetu kashasimama: nchi hii haikuwa na barabara kabla ya Magufuli, marais wengine wote walilala usingizi wa pono, tulikuwa tunapita porini kama swala. Watu makofi.

Baba akanyoosha mkono kwa adabu zake zote. Akasema, "Mwanangu, hii ya Kondoa mpaka Babati mimi nilikuwepo ikijengwa. Mikataba ilisainiwa wakati wa Kikwete." Basi, hayo tu. Kazi yake pale ilikuwa kushika bendera ya kuongoza magari.

Yule bwana akacheka ndani ya maiki. "Mzee, wewe ulikuwa mshika bendera tu. Kaa chini ule."

KAA CHINI ULE! Kwa mzee wa watu, mbele ya wajukuu zake!

Baba akakaa. Pilau likapoa mbele yake. Akawa anachambua iliki, anazipanga pembeni ya sahani moja moja, hamtazami mtu. Mimi nilitaka kupindua meza, mama akanishika shati.

Sasa nisikilizeni. Dodoma hadi Babati ni kilomita 251. Kipande cha Mayamaya hadi Bonga, kilomita kama 188, ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika (AfDB) na wa Wajapani, kupitia shirika lao la JICA. Mkopo huo haukuombwa Jumatatu ukapatikana Jumanne. Kikwete ndiye alikuwa Ikulu, na Magufuli huyohuyo ndiye alikuwa Waziri wake wa Ujenzi! Akaja kuizindua akiwa Rais, Aprili 2018, pale Kondoa. Sifa zake anazo, nani kamnyima? Mimi mwenyewe nilimlilia 2021. Lakini ndiyo baba yangu akae chini ale?

Mmesahau tulivyokuwa tunakwenda Arusha? Masika ikikolea, mtu wa Dodoma anazunguka Morogoro, Chalinze, Segera, Moshi, kama anayekimbia deni. Leo unanyoosha tu kupitia Kondoa. Na kwenye zile kona za Kolo, malori ya kifusi yanashuka, vumbi huoni mkono wako, aliyekuwa anaamua gari lipi lipite na lipi lisubiri ni huyo mshika bendera. Alirudi nyumbani nyusi nyekundu, anakohoa matope. Halafu mtu ambaye hajawahi kubeba hata ndoo ya kokoto anamwambia kaa chini ule!

Mods, uzi huu usihamishwe.

Ubuyu wa Moto: Nimewahi siti ya mbele. Mkuu, lile pilau mzee alilila au hakulila?

Chuma cha Reli: Punguza povu. Mzee kaonewa, sawa, lakini hoja ya jamaa iko palepale. TANU iliamua makao makuu yaje Dodoma mwaka 1973. Nyerere akapita, Mwinyi akapita, Mkapa akapita, Kikwete akapita. 2016 mtu mmoja akasema tunahama, na wizara zikahama. Kupanga wanapanga wote.

Mndengereko Mpole: @Chuma cha Reli ndiyo matatizo yenu, mnahesabu tepe zilizokatwa. TANROADS, wakala wa barabara, ilianza 2000, Mkapa. Bodi ya Mfuko wa Barabara, kipindi chake hichohicho. Kila lita ya mafuta unayonunua ina tozo inayoziba mashimo unayopita. Lakini mfuko hauna utepe wa kukata, basi Mkapa habebwi mabegani. Sisi wa Rufiji angalau tuna daraja lake la 2003. Aliyewahi kungoja kivuko na mgonjwa ndiye anajua.

Kaka wa Kisasa (mwanzisha uzi): Hamjanielewa! Sijaja kushindanisha marais. Lami ipimwe ikishanyeshewa masika kumi ndiyo tujue nani alijenga na nani alipaka rangi. Mimi ninazungumzia KAA CHINI ULE. Wewe ungekubali baba yako aambiwe hivyo?

Dogo wa Nala: Mtoto wa mshika bendera naye kashika bendera 😂😂 simameni jamani, gari lipite

Kaka wa Kisasa (mwanzisha uzi): @Dogo wa Nala wewe na yule bwana mmenyonya ziwa moja.

Suka wa Usiku: Niulizeni mimi ninayelala barabarani. Rais nitakayemkumbuka ni atakayeng'oa matuta kati ya Gairo na Kibaigwa. Springi zangu zimeisha. Tuta linafuata tuta, ukimaliza tu, trafiki yuko nyuma ya mti na tochi yake.

Mama Zabibu: Matuta yabaki! Mwanangu kagongwa na basi kwenye tambarare isiyokuwa na tuta. Madereva mnakimbilia nini?

Suka wa Usiku: Pole mama. Lakini si wote tunakimbia.

Chuma cha Reli: Ndiyo maana mimi napanda SGR, treni ya reli mpya ya umeme. Imeanza kujengwa 2017, abiria wa Dodoma tumepanda 2024 chini ya Samia. Haya, hiyo nayo ni ya nani?

Mndengereko Mpole: Ya mwenye tiketi.

Ubuyu wa Moto: Treni safi, tatizo bodaboda za pale stesheni. Ukishuka na begi tu wanakuona umetoka Ulaya. Juzi mmoja kanitajia elfu nane mpaka Majengo.

Dogo wa Nala: Elfu nane? Mimi elfu tatu tu, ulishuka na suti nini

Mama Zabibu: Elfu tatu ni mchana. Usiku hawaendi chini ya tano, na ukiwa na maboksi mawili wanataka upande pikipiki mbili.

Ubuyu wa Moto: Mama, una namba ya wa elfu tatu? Nasafiri Ijumaa.