Plagini ya bloku za ziada imenivurugia kurasa 63 kwa sasisho moja, na jibu lao ni "fungua kila ukurasa ubonyeze kitufe"

Wakuu, habari za muda huu.

Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Leo ni siku ya tatu nafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine kwenye tovuti ya mteja, narudisha kwa mkono vitu ambavyo wiki iliyopita vilikuwa vinafanya kazi vizuri kabisa.

Tovuti ni ya WordPress, mfumo wa kutengeneza tovuti, imejengwa kwa kihariri cha bloku (vipande unavyovipanga kuunda ukurasa), kile kilichoingia na toleo la 5.0 Desemba 2018. Bloku za msingi zinatosha kwa aya, picha, safu na vitufe, lakini mteja alitaka zaidi: vichupo, majedwali ya kulinganisha huduma, maswali yanayofunguka ukiyabofya, visanduku vyenye ikoni. Nikafanya wanachofanya wengi wetu, nikaweka plagini (programu ya nyongeza) ya bloku za ziada. Tena toleo la kulipia, na kila mwaka nalipa kwa wakati.

Juzi wametoa toleo jipya, wakaahidi kasi na muundo safi zaidi. Nikasasisha. Kufungua tovuti, vichupo vyote vimemwagika chini, maneno yaliyokuwa yamefichwa yanaonekana kwa mpigo, ikoni zimejaa skrini nzima. Ndani ya kihariri ndiyo balaa: kila bloku yao ina onyo kwamba maudhui yake si halali, na kitufe cha kujaribu kuirekebisha.

Wasiojua kilichotokea ndani waelewe kwa nini nasema huu ni uzembe na si bahati mbaya. Bloku nyingi za aina hii haziweki mipangilio peke yake kwenye hifadhidata. Zinaweka HTML kamili, yaani msimbo wa muundo wa ukurasa, ndani ya makala yenyewe, imezungushiwa maoni ya HTML (mistari ya msimbo isiyoonekana kwa msomaji) yanayoanza na wp: yakitaja jina la bloku na mipangilio yake. Ukifungua kihariri, HTML inazalishwa upya kutokana na mipangilio ile, kisha inalinganishwa na iliyohifadhiwa. Ikizidi hata div moja (kisanduku kimoja cha HTML), bloku inahesabiwa imeharibika.

WordPress wanajua kwamba wasanidi hubadilisha bloku zao, na njia wameiweka. Kuna sehemu inaitwa deprecated. Unaacha humo namna ya zamani ya kuhifadhi bloku. Kihariri kikiona ya sasa hailingani, kinajaribu za zamani, kikipata inayokubali kinaihamisha bloku kimya kimya. Mwenye tovuti hajui hata kama kitu kimebadilika. Imeelezwa kwenye nyaraka rasmi, na mifano ipo. Hawa wamebadilisha HTML, wamebadilisha majina ya klasi (lebo zinazounganisha HTML na mwonekano wake), hawakuacha namna ya zamani hata moja. Kwa hiyo wageni wa tovuti wanaletewa HTML ya zamani, lakini CSS mpya, yaani msimbo wa mwonekano, haiyatambui majina yaliyomo. Ndiyo maana kila kitu kimetawanyika.

Nikawaandikia. Jibu likaja baada ya siku nzima: fungua kila ukurasa, bonyeza kitufe cha kurekebisha, hifadhi. Kurasa 63! Nyingine zina bloku zao zaidi ya kumi.

Hata hicho kitufe hakiniponyi. Wamebadilisha majina ya baadhi ya mipangilio pia, kwa hiyo kihariri hakiitambui ile ya zamani na kinaitupa. Nikibonyeza, rangi za mteja zinapotea na nafasi zinarudi za kiwandani. Nikajaribu kurudisha toleo la zamani la plagini, kurasa ambazo nilishazihifadhi upya nazo zikagoma. Nikarudi tena kwenye toleo jipya.

Najua kuna atakayeniambia ningejaribu kwenye nakala ya majaribio kwanza. Sawa, nakubali, na kila mtu afanye hivyo. Lakini nakala ya majaribio ingeniambia tu kwamba nisisasishe, na toleo hilohilo ndilo lenye marekebisho ya usalama. Nibaki na la zamani lenye tundu, au niweke jipya linalobomoa tovuti? Mteja anayelipia hapaswi kuwekwa mahali pa kuchagua kati ya hayo mawili.

Na kuzima plagini si kutoka. Bloku zilizohifadhi HTML zinabaki maneno matupu bila muundo. Zile zinazozalishwa na PHP, msimbo unaoendeshwa kwenye seva, wakati ukurasa unafunguliwa zinatoweka kabisa, kwa sababu kwenye hifadhidata hakuna kitu zaidi ya yale maoni. Majedwali yote ya huduma ya mteja wangu ni ya aina hiyo. Yaani kazi ya miezi imefungwa kwa watu ambao hawaoni haja ya kulinda maudhui ya wateja wao.

Ninachodai kwao ni kimoja: watoe toleo lenye namna za zamani ndani yake. Msimbo wa zamani wanao, waliuandika wenyewe. Wasinipe punguzo la mwaka ujao, silitaki.

Kwa sasa maswali yote nayahamishia kwenye bloku ya msingi ya kufungua na kufunga, ile iliyokuja na 6.3 Agosti 2023. Mwonekano naupanga kwa theme.json (faili la mipangilio ya themu, yaani mwonekano wa tovuti nzima) na mitindo ya bloku niliyosajili kwenye themu yenyewe. Haina mbwembwe, lakini inakaa. Vichupo ndivyo vinanikwamisha.

Nimebakiza kurasa 41. Kama kuna mkuu aliyewahi kubadilisha majina ya klasi pamoja na mipangilio ndani ya maoni ya bloku moja kwa moja kwenye hifadhidata, kwa wp search-replace (amri ya WP-CLI ya kutafuta na kubadilisha maneno) au kwa hati yake mwenyewe, naomba aniandikie hapa alivyofanya na alipokwama. Bakapu ninayo, ya kabla ya sasisho.