Binti katolewa kwaya, mpiga kibodi yuko palepale. Hii hukumu ya wapi?

MwanaTororo: Wapendwa nisaidieni. Kanisani kwetu huku Tororo, Uganda, binti wa kwaya kapata mimba kabla ya ndoa, wazee wakakaa kikao, akavuliwa joho mbele ya watu, akaambiwa akae benchi la nyuma mpaka ajifungue na atubu. Haya. Lakini aliyempa mimba kila mtu anamjua, ndo mpiga kibodi wetu, na Jumapili alikuwa palepale anatupandishia sauti kama kawa. Nikauliza kwenye grupu ya WhatsApp ya kwaya, mama mmoja akanijibu "Msihukumu, msije mkahukumiwa". Sasa huo mstari siku ya binti ulikuwa umelala?

Dada_wa_Malaba: 😂😂 Nenda Yohana 8. Wale Mafarisayo walimleta mwanamke peke yake wakasema kafumaniwa akizini, sasa alikuwa anazini na nani, kivuli? Na hiyo torati waliyoitaja, Walawi 20:10, inasema wote wawili wauawe, mwanamume anatajwa tena wa kwanza. Nusu ya sheria walishaiacha nyumbani kabla hata hawajaokota mawe.

Mzee_wa_Steji: Mnaruka mstari wa 5 nyie. Mathayo 7 haiishii kwenye msihukumu, anasema toa kwanza boriti jichoni mwako, ndipo utaona vizuri kutoa kibanzi cha ndugu yako. Kibanzi kinatolewa bado! Paulo naye kwa Wakorintho anataka walio ndani wahukumiwe. Kwa hiyo mimi sina neno na binti kukemewa, neno langu ni kwa wazee. Katika hao waliokaa kikao, wangapi walifanya kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha ukweni, wakaishia hapo, ndoa ya kanisani mpaka leo hakuna, watoto wanne? Uliza hilo ssebo, uone grupu itakavyokuwa kimya.

Mjukuu_wa_Mulokole: Bibi yangu alikuwa mmoja wa Balokole, yaani waliookoka, wa ule uamsho wa miaka ya 1930 uliotoka Gahini huko Rwanda ukaingia kwetu. Kwenye feloshipi yao mtu alisimama akataja dhambi YAKE, nimeiba sukari ya bosi, kesho narudisha, ukianza ya jirani wanakukatiza kwa wimbo. Sio kwamba walikuwa malaika, watu waliwalalamikia sana kwa kunyooshea wengine vidole, hata wanafunzi wa chuo cha theolojia cha Mukono walifukuzwa 1941 kwa ajili ya mahubiri yao. Lakini hilo la kuanza na yako wazee wenu wangeliiga.

MwanaTororo: Mzee umegusa pabaya, mwenyekiti wa kikao chenyewe... naacha, humu tunasomwa. Jumamosi tuna mazoezi, nitamvuta kijana pembeni kwanza, Mathayo 18:15, wewe na yeye peke yenu. Akikataa kushuka kwenye kibodi ndo naenda kwa mchungaji.

Dada_wa_Malaba: Sawa, na binti je? Kuna mtu kaenda kumuona, au mnabishania joho tu? Mama Kit, kile kifurushi cha vifaa vya kujifungulia, nani anamnunulia?

MwanaTororo: Hakuna aliyeenda. Nauliza akina mama leo jioni.