"Gari linalala wapi?" Nimepigwa na mchongo wa namba za Montana

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo msitegemee mpangilio.

Mwaka jana nilinunua Land Cruiser iliyotumika kule Portland, Oregon, dola 48,000. Oregon hawana kodi ya mauzo. Mimi naishi Los Angeles, California, ambako kodi hiyo ni karibu asilimia 10. Kuna Mbongo mwenzetu, simtaji, ni maarufu kwenye magrupu yetu ya WhatsApp huku, akanipigia: "Kaka, yaani uwape California elfu nne na mia saba za bure? Fungua kampuni jimbo la Montana, gari liwe la kampuni, umemaliza." Ni kweli Montana nako hakuna kodi ya mauzo, na gari halipimwi moshi. Hapo hakudanganya, na ndipo aliponimaliza.

Alinitoza dola 1,200. Baadaye ndiyo nikajua ada ya serikali ya Montana kusajili kampuni ni dola 35. Thelathini na tano! Nikawa na kampuni yenye jina kama la wauza mabati, anwani Missoula, mji ambao mpaka leo sijaukanyaga. Namba za gari zikaja kwa posta, za bluu, zina umbo la jimbo. Nikazifunga mwenyewe kwa bisibisi pale nje, mama watoto ananitazama dirishani. "Baba Junior, hiyo Montana tunaenda lini?" Nikamwambia mambo ya magari aniachie mimi.

Ambacho jamaa hakusema ni kwamba California hawahangaiki na jina lililoko kwenye kadi. Wanataka kujua gari linalala wapi, linatumika wapi. Ukinunua nje ukaliingiza ndani ya miezi 12, wanahesabu kwamba ulilinunua ulitumie kwao, na unadaiwa kodi ya matumizi kwa kiwango kilekile. Kama unabisha, leta ushahidi. Langu liliingia siku ya pili tu, nikiliendesha mwenyewe kwenye barabara kuu ya I-5. Ushahidi nilio nao ni risiti za mafuta, na zote zinanikandamiza.

Kilichoniumbua kwanza ni bima. Machi nikagongwa bampa la nyuma asubuhi nikienda kazini. Dada wa bima akapiga simu, mpole kweli.

"Gari hulala wapi usiku?"

Fomu alijaza jamaa, ameandika Missoula. Nami nikasema Missoula.

Kimya kidogo. "Na ajali imetokea saa moja asubuhi, Inglewood, huku Los Angeles?"

Wakuu, jasho lilinitoka kama niko Kariakoo mwezi wa Desemba. Bima wakakataa kulipa, na mkataba wakaufuta. Bampa nimelipa mwenyewe.

Wiki chache baadaye ikaja barua ya kodi. Kodi yenyewe, juu yake faini ya nusu ya kodi kwa kusajili nje ili kukwepa, juu yake riba. Inapita dola 7,000. Nani alinichoma sijui. Polisi wa barabara kuu wa California wana mpango unaoitwa CHEATERS, yeyote anaweza kuingia mtandaoni akaripoti gari lenye namba za jimbo lingine lisiloondoka mtaani. Yule bibi wa nyumba ya mbele, anayeniuliza kila siku "huko Montana kuna baridi?", sasa namwelewa.

Kinachoniuma zaidi, mimi nimekulia Dar. Nimeona magari ya namba za Zanzibar yakibanwa yakivuka Bara, wenye nayo wakidaiwa tofauti ya kodi. Nilikuwa nawacheka!

Jamaa nimempigia, anasema nilitakiwa "kulilaza nje kwanza mwaka mzima". Nje wapi? Kwa nani? Hilo neno kwenye dola 1,200 halikuwemo. Na bado kwenye grupu anabandika picha za magari ya wateja, juzi kaweka Tundra mpya kabisa na vikopakopa.

Gari nimeshalihamishia jina langu, nina namba za California. Ila kampuni bado iko hai. Kila mwaka kabla ya Aprili 15 inatakiwa kuwasilisha ripoti Montana, kampuni isiyomiliki hata baiskeli. Nikamwambia jamaa aifunge. Anataka dola 400.

Aliyewahi kuifunga mwenyewe bila kupitia dalali, anielekeze tafadhali. Na wewe wa Tundra, kama uko humu, niPM leo hii.