Mbuzi na mitamba wa kuleta Siyu: mnada wa Garissa, Hindi, Meru au mbegu ya Kabete?

Mwana_wa_Siyu

Assalamu alaykum ndugu zangu. Kikundi chetu cha akina mama hapa Siyu, kisiwani Pate, kimeamua kuingia kwenye ufugaji wa maziwa. Tunataka mbuzi jike kadhaa na beberu mmoja, na mambo yakienda sawa tuongeze mitamba. Nimeachiwa mimi kazi ya kutafuta tuwatoe wapi. Kila ninayemuuliza ananijibu bei, na bei nimeshazijua. Ninachotaka ni habari ya afya: mnyama wa kutoka huku au kule anakuja na nini mwilini, na niwe na karatasi gani mkononi kabla sijampakia mashuani.

Njia zilizo mbele yangu ni hizi. Kuna mnada wa Garissa, mbuzi aina ya Galla tele na wa bei nafuu. Kuna wafugaji wa Hindi na Mpeketoni, hapa hapa Lamu. Kuna wale mbuzi wa maziwa wa Meru, Toggenburg, wanaosifiwa sana. Kwa upande wa ng'ombe, mmoja wetu anasema tusinunue mtamba kabisa, tupandishe ng'ombe wetu wa hapa kwa mrija, kwa mbegu ya madume ya kituo cha Kabete.

Naomba nisiambiwe "lete tu, kisiwani hakuna shida." Mbuzi wa Siyu, Shanga na Chundwa wanakutana malishoni na visimani. Nikiingiza ugonjwa nitawaumiza watu wasiokijua hata kikundi chetu.

Tabibu_Mstaafu

Waalaykumu ssalam dada. Nianze na karatasi, maana maelezo yake ni mafupi.

Mambo haya yanasimamiwa na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Sura ya 364, na tangu Katiba ya 2010 kazi ya kudhibiti magonjwa ya mifugo iko kwa kaunti. Mnyama hasafiri bila kibali cha kusafirisha mifugo, kinachoandikwa na ofisi ya daktari wa mifugo wa kule anakotoka. Ofisi hiyo nayo inataka kwanza barua ya ofisi ya huku anakopelekwa, kwamba haina pingamizi. Kwa hiyo safari yako inaanzia Faza. Wengi hununua kwanza, wakapakia, kisha wakaanza kupiga simu wakiwa wamesimamishwa kizuizini na wanyama wana kiu. Na Hindi usiichukulie kuwa ni nyumbani tu: iko Lamu Magharibi, nyinyi mko Lamu Mashariki, pitia ofisi zote mbili. Lori la mifugo linatembea mchana, saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni.

Sasa afya. Kibali kinaeleza kwamba mahali alipotoka mnyama hapakuwa pamefungwa kwa karantini na kwamba siku ile alionekana mzima. Ugonjwa uliojificha hauonekani kwa macho. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani limeweka muda wa kila ugonjwa kujificha: ugonjwa wa midomo na miguu siku 14, homa ya Bonde la Ufa siku 14, sotoka ya mbuzi na kondoo siku 21, homa ya mapafu ya mbuzi siku 45. Homa ya mapafu ya ng'ombe ni miezi sita, na ng'ombe aliyepona anaweza kubaki na kidonda kilichofungika pafuni, akala vizuri, akanenepa, na bado akaja kuambukiza wengine.

Mbuzi unaweza kumweka kando siku 45 ukalala usingizi. Mtamba wa kutoka mbali hutaweza kumtenga miezi sita. Ndiyo maana mimi, kabla ya kulinganisha miji, nalinganisha mnada na zizi la mtu mmoja. Mnadani mbuzi wako amepumuliana na mbuzi wa vijiji usivyovijua, na yule anayekuuzia mara nyingi amemnunua juzi. Ukinunua kwa mfugaji mmoja unaweza kuuliza: mara ya mwisho umeingiza mnyama mgeni lini? Mwaka huu mimba zimetoka ngapi? Chanjo gani, lini, na nani alichanja? Ukimwona anasita kwenye swali la mimba, ondoka.

Nahodha_Mokowe

Daktari nakuheshimu, lakini wacha nitetee Garissa kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Mbuzi wa Galla anastahimili jua na majani makavu. Hao wa Meru nimewaona wakishushwa hapa gatini kipindi cha kaskazi, ulimi nje, wanahema kabla hata hawajaonja maji ya huku. Akina mama watanunua mbuzi mmoja kwa bei ya watatu, na akifa wamepoteza yote.

Na siku 45 nani atazikaa? Mtu ameshakodi mashua.

Tabibu_Mstaafu

Nahodha, kuhusu joto umesema kweli. Toggenburg ni mbuzi wa baridi, na unyevu wa pwani unamletea minyoo kwa wingi. Ushauri wangu ni beberu mmoja tu wa Meru awapande Galla, na wale chotara ndio waje kukamuliwa.

Ila Garissa ina jambo ambalo siwezi kulinyamazia. Mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa mwishoni mwa 2006 ulianza kujulikana kule, ukafika Tana River na Kilifi, na kabla haujakwisha watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa Kenya. Mayai ya mbu wanaobeba virusi hivyo hukaa kwenye udongo mkavu miaka, na mvua kubwa ikijaza mabwawa yanaanguliwa yote kwa pamoja. Mwaka wa ukame shida hiyo ni ndogo mnadani Garissa. Mwaka ambao mvua za vuli zimepita kiasi, usilete mbuzi wala kondoo kutoka ukanda ule hata ukipewa bure. Nawaambia hasa akina mama, kwa sababu ugonjwa huu unampata mtu kwa kushika mimba iliyotoka, kwa damu ya kuchinja na kwa maziwa mabichi.

Tena msichanje kiholela. Chanjo ya zamani ya virusi hai inatupa mimba ikichomwa kwa mbuzi mwenye mimba. Na wakati wa mlipuko sindano moja kwa mbuzi wengi inasambaza ugonjwa wenyewe.

Binti_Ngazija

Mimi ni wa Ngazija, Komoro, nimeolewa Malindi. Hili la homa ya Bonde la Ufa lilitufikia kwetu. Mwaka 2007 iligunduliwa Komoro na Mayotte, na virusi vyake vilikuwa jamaa wa karibu wa vile vya Kenya. Waliochunguza walielekeza kidole kwa wanyama hai walioletwa kwa bahari kutoka Afrika Mashariki.

Lililotuuma zaidi lilitangulia, 2003 na 2004: ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Ng'ombe wa Ngazija hawakuwa wameizoea, wakafa. Ng'ombe walikuwa wameletwa kutoka Tanzania, na kilichoshukiwa ni kwamba walikuwa wamechanjwa. Naomba daktari alieleze hili, maana watu wengi wakisikia "amechanjwa" wanafungua zizi.

Tabibu_Mstaafu

Ahsante sana binti, umetaja jambo kubwa. Chanjo ya ndigana kali ni vijidudu hai vyenyewe, vinavyotiwa mwilini pamoja na dawa ya kuvizuia visimuue mnyama. Anapona, anakuwa na kinga, lakini anaweza kubaki navyo kwenye damu kwa muda mrefu. Kupe wa masikio akimnyonya huyo kisha akapanda kwa ng'ombe asiye na kinga, anavihamisha. Kwa mwenye ng'ombe anayeishi penye ndigana, chanjo hiyo ni neema. Kumpeleka mnyama huyo mahali penye kupe lakini pasipo ugonjwa ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo unapoonyeshwa cheti, soma chanjo ya nini. Ya sotoka ya mbuzi, nzuri. Ya homa ya mapafu ya mbuzi, nzuri. Ya ndigana kali kwa mtamba anayekwenda Pate, simama kwanza, ulizana na ofisi ya Faza.

Mfugaji_Hindi

Nimewasoma. Mimi nina Galla na ng'ombe wa Orma hapa Hindi. Upande wetu wa nchi kavu tuna mbung'o, kuanzia misitu ya Witu mpaka Boni, na ng'ombe wa kisasa wa maziwa hapa anaishi kwa sindano. Ng'ombe wa Orma anavumilia nagana, ugonjwa wa mbung'o, kuliko Boran wa kawaida, utafiti wa Galana, nyuma ya Malindi, ulilionyesha hilo. Lakini kuvumilia maana yake anaweza kuwa nayo akakaa nayo. Mtamba wangu nisingemvusha kwenda kisiwani bila kupimwa damu.

Jingine, nisikike vizuri: nimesikia watu wakisema wanyama wa Garissa watengwe hapa Hindi au Mokowe kabla ya kuvuka, ili kisiwa kiwe salama. Na sisi je? Mbuzi wetu wanapita njia hiyo hiyo.

Chuoni_Unguja

Namuunga mkono ndugu wa Hindi kuhusu mbung'o. Unguja waliangamizwa miaka ya 1994 hadi 1997, kwa kuachilia madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi. Bahari ndiyo iliyofanya kazi ile idumu, kwa sababu mbung'o wa bara hawezi kuruka mpaka kwetu. Anayekaa kisiwani ana ulinzi ambao mwenzake wa bara hawezi kuununua kwa pesa yoyote. Msiutoe kwa bei nafuu ya mnadani.

Tabibu_Mstaafu

Mfugaji wa Hindi ana haki yake. Wanyama watengwe kule kule kwa anayewauza, kwenye zizi lake, wasichanganywe na wengine, na pesa ya mwisho ilipwe siku zikiisha. Mfugaji atakubali, nimeona wakikubali. Dalali wa mnadani hawezi, mbuzi si wake. Hapo ndipo Hindi na Meru zinapoishinda Garissa, na nahodha naye anajibiwa swali lake la mashua: usiikodi kabla ya siku kwisha.

Damu ipimwe wakati huo huo, maabara ya mifugo ya Mariakani ipo. Kwa kikundi cha maziwa, kupima brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaompata mtu kwa maziwa mabichi, ni lazima. Mbuzi mwenye brusela anaweza asionyeshe chochote, na maziwa yake watoto wa Siyu watayanywa.

Siku ya kumchukua, mkimbize kidogo kisha simama umsikilize: akikohoa kikohozi cha maumivu, shingo imenyooshwa, mwache. Fungua mdomo wa chini uangalie fizi kama zina vidonda au ukoko. Vuta kigubiko cha jicho chini. Kikiwa chekundu, sawa. Kikiwa cheupe kama karatasi, minyoo imemnywa damu.

Kizingitini_Kijana

Na ile mbegu ya Kabete?

Tabibu_Mstaafu

Kwa afya ndiyo njia safi kuliko zote. Madume yanapimwa kituoni, na kwenye mrija hakuna kupe wala pafu la kukohoa. Ugumu ni wa usafiri: mbegu inakaa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mtungi ukikauka imekwisha. Ng'ombe akionyesha joto, yaani dalili za kutaka dume, asubuhi, anapandishwa jioni. Kwa Siyu, na mtaalamu akiwa ng'ambo, haitawezekana kila mara. Kinachofaa ni kuwachoma ng'ombe kadhaa sindano za kuoanisha joto, mtaalamu aje siku moja awapandishe wote.

Mwana_wa_Siyu

Allah awalipe kheri nyote. Nimekaa na wenzangu jana baada ya alasiri. Mbuzi jike tutachukua kwa ndugu wa Hindi akiridhia, kwa masharti ya siku 45, na kupima brusela ni juu yetu. Beberu atoke Meru, kwenye shamba moja, kwa masharti hayo hayo. Mitamba tumeiacha. Ng'ombe wetu wa hapa watapandishwa kwa mbegu, nami nitaenda Faza kuuliza habari ya mtaalamu na barua ya mbuzi kwa pamoja. Ndugu wa Hindi, una jike wangapi ambao hawajabeba mimba?

Mfugaji_Hindi

Karibu dada. Wapo, na tangu masika sijaingiza mgeni zizini. Njoo na mtu wa kupima damu, uchague mwenyewe. Nitawafungia kando siku hiyo hiyo.

Nahodha_Mokowe

Basi siku zikiisha niambieni mapema, nipange na maji. Mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki maji yakitoka, na sitaki mbuzi wakae juani wakingoja. Mashua nitaiosha kwa sabuni na dawa siku moja kabla, wasimame juu ya mchanga mkavu, turubai juu. Miguu haitafungwa. Alfajiri tunatoka Mokowe, tunawashusha gati ya Mtangawanda, Pate.

Tabibu_Mstaafu

Nahodha, safari hiyo usichanganye na mbuzi wa mtu mwingine, hata mmoja.

Nahodha_Mokowe

Nimekuelewa daktari. Watapanda wao peke yao.