Dereva wangu akipuliza kipimo kinasoma sifuri, lakini anavuta bangi. Nifanyeje?

TingoWaSemi:
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni utingo, tunapiga Dar–Tunduma. Dereva wangu ni kama kaka. Ndiye aliyenitoa kijiweni, ndiye anayenifundisha gari. Pombe hagusi kabisa. Ila kabla ya kuondoka anavuta bangi, na usiku tukikimbizana na muda anatafuna mirungi.

Safari iliyopita trafiki walitusimamisha, akapuliza, kikasoma sifuri. Akanigonga bega: "Umeona? Mlevi ni yule anayenuka bia." Usiku huohuo tunashuka Kitonga, lori la mbele likawasha taa za breki. Mguu wake haukusogea. Nilihesabu moja, mbili, nikapiga kelele ndipo akakanyaga. Tela la mwenzetu lilikuwa pale kwenye kioo, naweza kusoma namba zake. Akasema mimi mwoga.

Naomba kujua: vitu hivi kwenye usukani ni sawa na pombe, au naogopa bure? Nikisema kwa bosi anafukuzwa, na mimi kazi sina.

NesiWaZamu:
Mdogo wangu, huogopi bure. Kile kipimo kinapima pombe tu. Pombe iliyo kwenye damu ikifika mapafuni inageuka mvuke na kutoka na pumzi, ndiyo maana ukipuliza inaonekana. Kilevi cha bangi, THC, kinakwenda kukaa kwenye mafuta ya mwili. Mvutaji wa kila siku anaweza kupimwa mkojo wiki kadhaa baada ya kuacha na bado ikaonekana, kwa hiyo mkojo unakwambia amevuta, haukwambii kama saa hii amelewa. Pombe ina hesabu: kwa watu wengi hupungua kama miligramu 15 kwa mililita 100 za damu kila saa. Bangi kwenye damu hushuka haraka huku kichwa bado hakijarudi.

Na ulichokiona Kitonga ndicho chenyewe: jicho limeona, mguu umechelewa. Hata kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, gari inakata mita 8 kila sekunde. Zile sekunde zako mbili ni mita 16, na mzigo wote unawasukuma kutoka nyuma.

DerevaMstaafu:
Mimi niongelee mirungi, maana nimeitafuna miaka mingi. Haiondoi usingizi, inauahirisha. Siku moja nilianza kutafuna Makambako. Nafika Mikumi imeniishia mwilini, nikaona tembo katikati ya lami. Nikafunga breki zote. Utingo wangu hakuona tembo yeyote. Na kwa kuwa Mikumi tembo wapo kweli, nilibishana naye hadi Morogoro. Nilikuwa nimelala macho wazi, kijana.

Mlevi wa pombe anapata ushujaa, anaovateki kwenye kona. Wa bangi anaweza kwenda polepole kabisa akaamini huo upole unamlinda. Jambo la ghafla likitokea, hayupo. Anayechanganya vyote viwili ndiye wa kumkimbia.

Mzoefu77:
Mnamtisha dogo. Kuna wazee wamevuta miaka thelathini na hawajagonga hata kuku.

NesiWaZamu:
Mkuu, waliogonga hawako hapa kuandika. Baadhi yao nimewapokea mimi.

MbongoUK:
Naendesha malori Uingereza. Huku England na Wales, tangu Machi 2, 2015 kuna viwango vya dawa za kulevya kama vilivyo vya pombe. Askari anakufuta mate mdomoni hapohapo barabarani, kifaa kinaonyesha bangi na kokeini; ikisoma, unapelekwa kutolewa damu. Mwisho wa THC ni mikrogramu 2 kwa lita ya damu. Adhabu ni ileile ya mlevi wa pombe: leseni inakwenda si chini ya miezi 12, faini isiyo na kikomo, na jela hadi miezi 6. Hata diazepamu na morfini vimo, ingawa ukizitumia kama daktari alivyokuandikia na uendeshaji wako haujaharibika, sheria inakulinda.

Nyumbani pia asijidanganye. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inataja dawa sambamba na pombe. Na mirungi, tofauti na Kenya, Tanzania ni marufuku hata ukiwa umekaa kibarazani.

MkeWaDereva:
Mwanangu, usianzie kwa bosi. Anza na yeye, asubuhi, gari imesimama na hajavuta. Usimwite mlevi. Mwambie zile sekunde mbili. Akikudharau, hapo huna deni naye tena, nenda ofisini. Mimi ningependa utingo wa mume wangu aniambie.

TingoWaSemi:
Wakuu, mrejesho. Nilimwambia juzi pale Ruaha Mbuyuni, tunakunywa chai. Aliniuliza mara moja tu: "Ulihesabu kweli?" Nikamwambia ndiyo. Hakusema neno hadi Mikumi. Usiku alipaki mwenyewe, akalala saa nne, mirungi hakugusa. Kuhusu bangi hajanijibu. Kesho tunapakia tena. Nimeshamwambia: akiwasha kabla ya kuondoka, nashusha begi langu na naingia kwa bosi siku hiyohiyo.