Wajukuu wa Soni: Sabasaba tunapanda Lushoto

*Tarehe 5 Julai, usiku*

Mwanaisha: Asalaam alaykum familia. Harusi imepita salama, alhamdulillah. Sasa Sabasaba kama tulivyokubaliana: kosta inatoka Korogwe kwa Kaka Idd saa 12 KAMILI asubuhi. Mchango 25,000 mtu mzima, mtoto 10,000. Humo kuna gari, mwongozaji, kiingilio cha msitu na chakula cha mchana.

Anko Rajabu: Waalaykum salaam. Mwongozaji wa nini tena? Lushoto ni kwetu. Unamlipa mtu akuonyeshe kwa bibi yako?

Halima: Shikamoo anko. Mara ya mwisho ulipanda lini?

Anko Rajabu: Marahaba. Swali la polisi hilo, silijibu.

Shangazi Mwajuma: Mimi naishi hapa Lushoto tangu niolewe na msitu wa Magamba ndani kabisa sijawahi kuingia. Naijua njia ya shamba na njia ya sokoni, basi. Chukueni mwongozaji.

Anko Rajabu: Haya, mumlipe. Lakini ratiba naitoa mimi. Tukifika tu, ukingoni Irente, tupige picha asubuhi na mapema. Halafu Mtae. Halafu Magamba. Magharibi tunashuka.

Shangazi Mwajuma: Irente asubuhi, mwezi wa 7? Utapiga picha ya ukungu na pua yako.

Shangazi Mwajuma: Na Mtae isahau. Kilomita kama 60 za kona toka mjini, ukifika tu unageuza. Mtae watu wanalala.

Mwanaisha: Nimeongea na mwongozaji kwa simu. Amepanga hivi: Soni tunasimama kidogo kwenye maporomoko, mjini tunamchukua, moja kwa moja Magamba kabla jua halijawa kali. Mchana tunakula shambani Irente. Ukingoni pale Irente tunamalizia saa 10 alasiri. Anasema mbega asubuhi wanakaa juu ya miti wanaota jua, wanaonekana. Na ukingo unatazama magharibi, alasiri ukungu umeshaondoka na jua linazama mbele yenu.

Anko Rajabu: Kwa hiyo nimetumbuliwa.

Kaka Idd: Umetumbuliwa anko 😂 ila michango hatujaiona.

Mama Abuu: Jamani zile kona za Mombo kupanda. Abuu anatapika hata kwenye pikipiki. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2019, nimtapishie wapi?

Shangazi Mwajuma: Kopo la Kimbo tupu lenye mfuniko. Ndimu ya kunusa. Akae mbele, asiangalie simu. Na asubuhi asinywe chai ya maziwa.

Halima: Shangazi tukuletee nini toka bondeni?

Shangazi Mwajuma: Nazi. Na samaki mkavu kama Mwanaisha katoka naye Tanga.

Anko Rajabu: Na sisi utupe plamu ndoo moja moja.

Shangazi Mwajuma: Plamu Julai? Rajabu wewe si mtoto wa huku. Plamu njoo mwezi wa 12 mpaka wa 2. Sasa hivi kuna kabichi, karoti, hoho na baridi. Leteni masweta, siyo vitenge vya kujitanda tu.

*Tarehe 7 Julai*

Mwanaisha: Saa 12:10. Anko Rajabu uko wapi?

Anko Rajabu: Niko njiani.

Kaka Idd: Yuko bafuni, namsikia.

Mwanaisha: Tumetoka 12:40. Nimeandika kwenye daftari.

Halima: Mombo tumefika, tumekunywa chai. Joto la kawaida tu. Sasa tunaanza kupanda, kilomita 33 hizo. Mlima umesimama wima mbele yetu, huoni gari litapita wapi.

Zuhura (Hamburg): Shikamooni wote. Leteni picha jamani, huku nimelala na simu mkononi.

Halima: Dada Zuhura mtandao unakatika kila kona. Zitaingia zote kwa pamoja.

Mama Abuu: Abuu mzima mpaka sasa. Aliyetapika ni baba yake.

Kaka Idd: Nilikuwa naangalia simu.

Halima: *[sauti ya Bibi, kupitia simu ya Halima]* «Hapa Soni mimi nilikuwa nachota maji. Maji yalikuwa mengi kuliko haya. Na huko mnakoelekeza simu siko, Vuga iko upande huu, huku nyuma. Vuga ndiko alikokaa Kimweri, mfalme wetu Washambaa. Haya, nimemaliza, nabonyeza wapi?»

Mwanaisha: Bibi amekataa kushuka kwanza, ameona watu wanapiga picha wamegeuzia maporomoko mgongo, akashuka kuwagombeza.

Halima: Mjini sasa. Mwongozaji amepanda. Kijana tu, ana buti na rungu dogo. Ameanza na boma, anasema Wajerumani mji huu waliuita Wilhelmstal na ndipo walipoweka makao ya wilaya, maana chini kulikuwa na joto na malaria. Tuko kwenye mita 1,400 hivi toka usawa wa bahari. Masikio yangu yameziba.

Anko Rajabu: Hayo hata mimi nilikuwa nayajua.

Halima: Anko uko kiti cha nyuma umejifunika shuka, usiandike humu, ongea tu.

Mwanaisha: Geti la Magamba. Kiingilio hapa hawapokei pesa mkononi, ni kontrol namba, na mtandao unasuasua. Tumesimama kwenye baridi tunasubiri ujumbe wa malipo. Watanzania tunalipa kidogo, wageni ndio wanaumia.

Mwanaisha: Imekubali.

Shangazi Mwajuma: Mimi nimewafuata na bodaboda, niko getini. Nimesema leo na mimi niingie.

Mama Abuu: Jamani jamani. MBEGA. Wanne. Weupe kwa weusi, mikia ile mirefu inaning'inia. Abuu amekaa kimya kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Halima: Mwongozaji katuambia tutazame mikono yao. Mbega hana dole gumba! Kuna kinundu tu. Anashika tawi kwa vidole vinne kama ndoano, ndiyo maana anaruka hivyo bila kukwama.

Kaka Idd: Mimi amenipa jani la mti mkubwa huu unaitwa mkulo. Juu kijani, chini jeupe. Ukilifikicha linanukia kafuri. Anasema miti ya namna hii ilikatwa sana enzi za viwanda vya mbao, iliyobaki mikubwa ni ya kuhesabu. Huu hapa tumejaribu kuuzungushia mikono watu watatu, hatukukutana.

Zuhura (Hamburg): Kaka Idd, tunza hilo jani.

Mama Abuu: Sasa kuna kasheshe. Mwongozaji amepata kinyonga mwenye pembe mbili puani. Amempandisha kwenye kijiti. Shangazi Mwajuma amekimbia mpaka getini.

Shangazi Mwajuma: Kinyonga simtaki. Nimekua naambiwa akikurukia hatoki mpaka radi ipige.

Halima: Shangazi hakurukii, hata kutembea anatembea kwa kusitasita. Mguu unaenda mbele, unarudi, unaenda. Jicho moja linamtazama Abuu, jingine linatutazama sisi. Mwongozaji anasema aina hii ni ya milima hii tu, Usambara, huwezi kumkuta kwingine. Pembe ni za dume.

Anko Rajabu: Hapo sikuwa najua.

Kaka Idd: Iandikwe kwenye daftari hiyo.

Mwanaisha: Dada Zuhura hili lako. Kuna yale maua madogo ya zambarau yenye majani ya manyoya. Mwongozaji anasema yalitoka Usambara hii, 1892, bwana mmoja wa Kijerumani wa wilaya, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyatuma kwa baba yake Ujerumani na ndiyo yakaenea dunia nzima.

Zuhura (Hamburg): Subirini.

Zuhura (Hamburg): *[picha]* Ninalo dirishani! Nililinunua dukani hapa chini ya nyumba. Tazameni kibandiko: Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Miaka yote namwagilia maji, sijawahi kukisoma.

Shangazi Mwajuma: Yaani mtu katoka Soni anaenda kununua ua la Usambara kwa euro 😂😂

Halima: Mchana tuko shambani Irente. Mkate wa rai, jibini yao wenyewe, jemu, saladi, juisi. Nyuki wengi kwenye jemu.

Anko Rajabu: Chakula kizuri lakini mtu anauliza ugali uko wapi.

Mama Abuu: Mtu huyo amekula jibini ya watu watatu.

Mwanaisha: Sasa hapa kumekuwa na mambo. Mwongozaji alikuwa anasimulia habari za Mbegha, mwindaji toka milima ya Ngulu aliyekuja kuwa mfalme wa Washambaa. Kafika katikati, Bibi kamnyang'anya hadithi. Halima alirekodi?

Halima: *[sauti ya Bibi]* «Wewe umesema vizuri mwanangu lakini umeruka. Kwao walimkataa kwa sababu alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia. Akakimbia na mbwa wake. Huku nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mashamba, yeye akawaua, nyama akawagawia watu bure. Halafu akaua simba. Ndipo watu wakasema huyu atutawale. Hakupigana vita, alilisha watu.»

Anko Rajabu: Akawagawia nyama ya nini?!

Halima: *[sauti ya Bibi]* «Mwambieni Rajabu enzi hizo Uislamu ulikuwa haujapanda mlima. Na asiulize zaidi.»

Kaka Idd: Mwongozaji ametoa daftari anaandika. Kasema hilo la meno alikuwa nalo, ila hili la kugawa nyama bure hajawahi kulisikia likisemwa hivyo. Kumbe sisi ndio tungemtoza.

Halima: Yeye naye kalipa deni, katuambia mmishenari Krapf alifika kwa Kimweri pale Vuga 1848. Bibi akatikisa kichwa tu.

Mwanaisha: UKINGONI IRENTE. Saa 10:20. Mawingu yote yameondoka. Shangazi alisema kweli na mwongozaji alisema kweli.

Mwanaisha: *[picha]* *[picha]* *[picha]*

Kaka Idd: Wazazi shikeni watoto. Hakuna ukuta, ni jiwe, halafu karibu mita 1,000 za hewa.

Mama Abuu: Abuu nimemfunga kanga kiunoni, ncha ninayo mimi. Nimekaa chini. Sisimami.

Halima: Dada Zuhura, chini kabisa ni Mazinde. Mkonge umepangwa mistari kama ukili. Barabara ya Arusha ile, na reli ile pembeni yake. Mwongozaji anasema reli toka Tanga ilifika Mombo 1905 na Moshi 1911. Mbele huko tambarare mpaka macho yanachoka.

Halima: Na huo mkonge, sikia: Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 toka Florida, 1893, ikapitia huko huko kwako Hamburg. Iliyofika Tanga ikiwa hai ni 62. Mashamba yote haya yalianzia kwenye hiyo 62.

Zuhura (Hamburg): Wacha weee. Babu alikata mkonge miaka yote ile na hakuna aliyemwambia.

Anko Rajabu: Babu alikuwa anaamka saa 10 usiku kufukuzana na hesabu ya mafungu. Angeambiwa habari za Florida angekupiga na panga bapa.

Anko Rajabu: Ila nakiri, kama tungekuja asubuhi kama nilivyotaka tusingeona kitu. Bibi yuko hapa anaonyeshana vijiji na yule kijana, mmoja anataja jina la zamani, mwingine la sasa. Wamenisahau kabisa.

Mwanaisha: Tunashuka. Dereva hataki kona za Soni gizani, na mimi simlaumu.

*Tarehe 8 Julai*

Mwanaisha: Tumefika Korogwe saa 2:30 usiku, salama. Hesabu: tumebakiwa na 18,500 baada ya kumpa mwongozaji asante yake. Napendekeza aongezwe 10,000, alimbeba Bibi mkoba kutwa.

Kaka Idd: Naunga mkono.

Shangazi Mwajuma: Mpeni. Na mjue pale sokoni jana jioni nimesimulia mbega mpaka watu wamenichoka. Wenzangu wanataka twende wenyewe, kikundi chetu cha vikoba. Ila yule kinyonga afungwe kwanza.

Anko Rajabu: Mwezi wa 1 twende Mtae. Tulale. Na plamu ziwepo.

Halima: Anko unataka mwongozaji?

Anko Rajabu: Yule yule. Lakini Bibi akae naye kiti cha mbele wamalizane.

Shangazi Mwajuma: Mkija kulala leteni mablanketi yenu. Mimi ninayo mawili, na moja ni la Bibi.