Utqiaġvik au Barrow: kura 6 zinatosha kubadili jina la mji?

Mleta mada:
Wakuu, kuna mji mdogo Alaska, ufukweni mwa Bahari ya Aktiki, watu kama 4,900 kwa sensa ya 2020. Hakuna mji wa Marekani ulio kaskazini kuliko huo. Zamani ukiitwa Barrow, jina la Sir John Barrow, ofisa wa makao makuu ya jeshi la majini la Uingereza, ambaye huko hakuwahi hata kukanyaga. Oktoba 2016 wakazi wakapiga kura: 381 walitaka jina la lugha ya Iñupiat, wenyeji wa asili wa huko, yaani Utqiaġvik, 375 wakakataa. Desemba mosi likaanza kutumika.

Mimi nasema ni halali. Na ile hoja ya "halitamkiki" naomba ife leo. Hiyo q ni qaf, kila aliyepita chuoni anaiweza. G yenye nukta juu inakaribia gh ya ghali. Ut-qi-agh-vik. Kinachowatoa jasho watangazaji wa Marekani, mtoto wa madrasa Lamu atakitamka huku anasinzia.

Mchangiaji:
Mkuu, umeruka kitu. Waliopinga si Wazungu tu. Shirika la wenyeji wenyewe, Ukpeaġvik Iñupiat Corporation, lilikwenda mahakamani likidai halmashauri ilikimbiza mambo bila kuwapa watu taarifa ya kutosha. Wao wanasema jina la asili ni Ukpeaġvik, mahali pa kuwinda bundi wa theluji. Hilo jingine hufasiriwa mahali pa kuchimba mizizi ya kula. Wenye mji hawajaelewana, wewe wa Tandika unatoa hukumu?

Mleta mada:
Wa Tandika nina macho, ndugu yangu. Wanabishania bundi na mizizi. Sir John hayumo kwenye hoja ya upande wowote. La taarifa nakupa, kama kweli watu hawakuarifiwa vizuri hilo ni kosa. Lakini kura 6 ni kura 6. Barrow ingeshinda kwa hizo hizo, nani angedai hazitoshi?

Mchangiaji mwingine:
Gharama je? Mabango, mihuri, barua za serikali. Na uwanja wa ndege msimbo wake bado ni BRW.

Mleta mada:
BRW ni ya mizigo, mkuu. Sanduku halina kabila.